Rais anaweza kufuta Marekebisho ya 14? Na sisi wa grinkadi, katiba inatulinda?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimezaliwa Kongo nikakulia kambini Nyarugusu, tukaja Marekani 2018 kama wakimbizi, sasa tuko Columbus Ohio na nina grinkadi, kile kibali cha ukaazi wa kudumu. Mkubwa wangu alizaliwa kambini ana miaka 12, mdogo kazaliwa hapa hapa 2021. Kwenye grupu letu la WhatsApp watu wanarusha voisi wanasema rais ameshafuta Marekebisho ya 14 na watoto waliozaliwa hapa watanyang'anywa pasipoti. Mwingine anasema haki za katiba ni za raia tu, wa grinkadi hana kitu hata polisi akiingia nyumbani kwake. Nataka kujaza fomu ya uraia lakini naogopa, halafu kwenye maswali ya intavyuu kuna hayo marekebisho 27 sielewi yanafanya nini. Naomba unielezee taratibu, mimi sikusoma sana."

Marahaba mama. Hofu zako zote zinatoka sehemu moja, hao wanaorusha voisi hawajui Katiba ya Marekani inabadilishwaje na nani mwenye uwezo wa kuibadilisha. Hapo ukipaelewa hata intavyuu hutaiogopa.

Nianze na linalokunyima usingizi. Mwanao wa 2021 ni raia wa Marekani tangu siku aliyozaliwa na hakuna aliyefuta uraia wake. Marekebisho ya 14, yale yanayosema aliyezaliwa Marekani ni raia, yapo vile vile, hayajaguswa hata nukta. Kilichotokea ni kwamba tarehe 20 Januari 2025 rais Trump alisaini amri ya rais, na amri ya rais ni maelekezo kwa ofisi za serikali yake, haina nguvu ya kubadilisha katiba. Amri ile inaziambia ofisi zisimtambue kama raia mtoto ambaye mama yake yupo nchini bila kibali, au yupo kwa kibali cha muda kama viza ya shule, halafu baba naye si raia wala hana grinkadi, na inahesabu watoto waliozaliwa baada ya tarehe 19 Februari 2025 tu. Wako alizaliwa miaka minne kabla, kwa hiyo hata ukiichukua amri yenyewe kama ilivyoandikwa, yeye hayumo. Majaji waliizuia mapema sana, kesi zikapanda ngazi, na Desemba 2025 Mahakama ya Juu ikakubali kulisikiliza swali lenyewe, kama amri inapatana na katiba au la. Sasa kama grupuni kwenu kuna mama amejifungua juzi na kesi yake ya hifadhi bado inasubiri, huyo asitegemee voisi wala haya ninayoandika mimi, aende kwa wakili aambiwe mahakama zimefikia wapi wiki hii.

Haya, katiba inabadilishwaje. Walioiandika kule Philadelphia mwaka 1787 waliweka kifungu cha 5 ambacho kwa makusudi kabisa kinafanya kazi hiyo iwe ngumu. Njia inayotumika ni hii: theluthi mbili ya Baraza la Wawakilishi na theluthi mbili ya Seneti (mabaraza mawili ya bunge la nchi, Kongresi) wakubaliane kwenye maneno yale yale, kisha maneno hayo yapelekwe kwenye majimbo, na robo tatu ya majimbo yaridhie, yaani leo hii majimbo 38 kati ya 50. (Kuna na njia ya majimbo kudai mkutano maalum, haijawahi kutumika.) Umeona rais popote hapo? Hayupo. Hasaini, hapitishi, hana kura ya turufu, na Mahakama ya Juu ilishalisema hilo mwaka 1798. Tangu mwanzo wa nchi mapendekezo zaidi ya 11,000 yameletwa Kongresi, yaliyofika hadi kupelekwa kwenye majimbo ni 33, yaliyopita ni 27. Kufuta marekebisho njia ni hiyo hiyo, inabidi upitishe mengine mapya, na imetokea mara moja tu: Marekebisho ya 18, yaliyoridhiwa mwaka 1919, yalipiga marufuku pombe nchi nzima, vilabu vya siri na magenge yakatajirika, mwaka 1933 yakaja ya 21 kuyafuta. Kwa hiyo mtu akikwambia ya 14 yamefutwa usiku wa kuamkia leo muulize majimbo gani 38 yameridhia, na lini, manake majimbo 13 tu yakigoma basi jambo limekufa.

Sasa hayo ya 14 yalitoka wapi. Mwaka 1857 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dred Scott, mtu aliyekuwa mtumwa lakini alishakaa na bwana wake sehemu ambazo utumwa ulikatazwa, akaenda mahakamani kudai uhuru wake. Jaji Mkuu Roger Taney akaandika kwamba mtu mweusi aliyetokana na watumwa hawezi kuwa raia wa Marekani, hata awe huru, hata awe amezaliwa hapo na baba yake na babu yake. Uamuzi ule ulichochea moto ambao tayari ulikuwa unafuka, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja 1861 hadi 1865, na baada ya vita Kongresi ikapeleka marekebisho matatu: ya 13 ya mwaka 1865 yakaondoa utumwa (isipokuwa kama adhabu ya mtu aliyetiwa hatiani, na mlango huo mpaka leo unaumiza watu magerezani), ya 14 ya 1868 na ya 15 ya 1870. Sentensi ya kwanza ya Marekebisho ya 14 ilikuwa jibu kwa Taney moja kwa moja, kwamba kila aliyezaliwa au kupewa uraia Marekani na aliye chini ya mamlaka yake ni raia wa Marekani na wa jimbo anakoishi. Uraia wakautoa mikononi mwa majaji na wanasiasa wakauweka kwenye katiba, ili asije mwingine akaamua nani anatosha kuwa Mmarekani.

Na sentensi hiyo ilipimwa mapema tu. Wong Kim Ark alizaliwa San Francisco mwaka 1873, wazazi Wachina, na kwa sheria za wakati ule Mchina hakuruhusiwa kuomba uraia kabisa. Alipokwenda China kusalimia na kurudi mwaka 1895 maofisa wakamzuia asishuke, akakaa melini pale pale bandarini miezi kadhaa huku kesi inaendelea. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ikasema kwa majaji 6 dhidi ya 2 kwamba ni raia kwa kuzaliwa, ingawa wazazi wake hawakuwa raia. Wanaoitetea amri ya 2025 wanashikilia yale maneno "chini ya mamlaka", wanasema wazazi wa Wong walikuwa wakaazi wa kudumu kwa hiyo kesi ile haiwagusi wenye viza za muda au wasio na vibali. Mimi naona hoja hiyo haina miguu, manake mtu asiye na kibali akiiba anashtakiwa kwa sheria za Marekani, sasa hayuko chini ya mamlaka kivipi? Ila nakupa hoja yao uijue.

Na hapa nikwambie ukweli ambao wengi wanaotetea katiba wanauruka. Maneno yanaweza kubaki pale pale na bado watu wakanyimwa haki, manake anayeyasoma ni jaji. Marekebisho hayo hayo ya 14 yanasema jimbo lisimnyime mtu yeyote ulinzi sawa wa sheria, lakini mwaka 1896 kwenye kesi ya Plessy Mahakama ya Juu ikasema kuwatenga weusi kwenye mabehewa ya treni ni sawa tu, ikabaki hivyo mpaka kesi ya Brown mwaka 1954 ambapo mahakama ile ile, kwa maneno yale yale, ikasema kutenga watoto shuleni ni kinyume cha katiba. Na Marekebisho ya 15 yalisema mtu asinyimwe kura kwa sababu ya rangi, majimbo ya kusini yakayazunguka kwa mitihani ya kusoma na kodi za kura na vitisho vya usiku, mpaka watu walipoandamana na kupigwa kwenye mji wa Selma, Alabama, ndo ikaja Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965. Hesabu mwenyewe, ni miaka 95. Kwa hiyo siwezi kukuambia ulale tu kwa kuwa karatasi ipo. Rais peke yake hawezi kuifuta, ila kinachotokea mahakamani kifuatilie.

Hofu ya pili, kwamba haki za katiba ni za raia tu. Huu ndo uongo unaowaumiza watu wetu zaidi, mtu anafungua mlango, anasaini karatasi asizozielewa, kisa anaamini hana haki. Marekebisho 10 ya kwanza, yaliyoridhiwa pamoja mwaka 1791, mengi hayaongelei raia, yanaongelea mtu, watu, mshtakiwa. Ya 1 yanalinda dini yako na mdomo wako. Ya 4 yanalinda mwili wako na nyumba yako dhidi ya upekuzi usio na sababu. Ya 5 yanasema hulazimishwi kujishtaki mwenyewe, ndo maana unaweza kukaa kimya. Ya 14 nayo yakasema jimbo lisimnyime mtu yeyote uhai, uhuru au mali bila utaratibu wa haki. Mwaka 1885 Mchina mmoja mwenye dobi San Francisco alifungwa kwa kufua nguo kwenye jengo la mbao bila kibali cha mji, ikaonekana Wachina kama 200 waliomba kibali wote wakakataliwa, wasio Wachina kama 80 karibu wote wakapewa. Hakuwa raia, na mwaka 1886 Mahakama ya Juu ikamwachia huru kwa Marekebisho ya 14. Mwaka 1982 tena, kesi ya Plyler, Texas ikaambiwa haiwezi kuwafungia shule watoto wasio na vibali.

Kuhusu polisi nyumbani nikupe kesi ya jimbo lako mwenyewe. Mei 1957 polisi wa Cleveland waligonga kwa mama mmoja anaitwa Dollree Mapp, walikuwa wanamtafuta mtu wa kesi ya bomu. Akampigia wakili wake, kisha akawaambia bila waranti, yaani hati ya jaji ya kupekua, hamuingii. Wakaondoka kidogo, wakarudi masaa kama matatu baadaye wamejazana, wakavunja mlango. Akawauliza waranti iko wapi, mmoja akainua karatasi juu, mama yule akaipokonya akaisokomeza kifuani, wakamvuta wakaichukua wakamfunga pingu, halafu wakapekua nyumba yote, vyumba, makabati, chumba cha mtoto mpaka chini ya nyumba. Sandukuni wakapata vitabu na picha za aibu, wakamshtaki mama yule kwa hizo. Mahakamani waranti haikuletwa hata siku moja. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ikafuta hukumu yake ikasema kitu kilichopatikana kwa kuvunja Marekebisho ya 4 hakitumiki kumhukumu mtu hata kwenye mahakama za jimbo.

Hayo maneno "hata kwenye mahakama za jimbo" ndo makubwa, na watu wengi hawajui. Mwanzoni haki za yale marekebisho 10 ziliibana serikali ya Washington peke yake. Mwaka 1833 mwenye gati mmoja Baltimore alilalamika kwamba mji umegeuza njia ya mito, mchanga ukajaa kwenye gati lake na meli hazifiki, mahakama ikamjibu kwamba Marekebisho ya 5 hayauhusu mji wala jimbo. Yaani gavana wako au polisi wa mtaa wako angeweza kukuonea na katiba ya nchi isiseme kitu! Marekebisho ya 14 ndo yaliyofungua njia, na kuanzia miaka ya 1920 mahakama ikaanza kuzivuta haki zile moja moja kuzishusha mpaka kwenye majimbo, kesi baada ya kesi. Kwa maoni yangu hakuna marekebisho yaliyobadilisha maisha ya mtu wa kawaida kuliko hayo, polisi unayekutana naye Columbus ni wa mji au wa jimbo, ni nadra awe wa Washington.

Lakini kuna mipaka mama, na hii uishike. Kwanza wakili wa bure. Mwaka 1963 Clarence Gideon, mfungwa wa Florida aliyeandika ombi lake kwa penseli, alishinda kesi inayosema maskini akishtakiwa kwa jinai kubwa apewe wakili na serikali. Hiyo ni jinai. Mahakama ya uhamiaji haihesabiwi kama jinai, pale wakili ni wa kujitafutia, na wengi wanafika peke yao wakidhani watapewa. Pili kura. Marekebisho ya kura ndiyo yanayotaja raia, na sheria inamkataza asiye raia kupiga kura za kitaifa. Unapokwenda kuchukua leseni ya gari na karani akakuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura, sema hapana, na usisaini kitu hujakisoma. Kujiandikisha au kupiga kura kabla ya kiapo cha uraia kunaweza kukuharibia uraia na hata kukurudisha ulikotoka, hata kama ulidhani unafanya jambo zuri.

Sasa yale 27 ya intavyuu. Huhitaji kukariri yote. Kama umejaza fomu kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 mtihani ni ule mpya, orodha ina maswali 128, unaulizwa mpaka 20 na unatakiwa upate 12. Idadi ya marekebisho, yale 10 ya kwanza (kwa Kiingereza Bill of Rights) yanalinda nini, na yanayohusu kura, hayo yajue vizuri.

Ya kura yaweke kichwani kama watu wanavyoingia mmoja mmoja. Ya 15, wanaume weusi. Ya 19 mwaka 1920, wanawake. Hapo ilibaki Tennessee kuwa jimbo la 36, wakati ule majimbo yalikuwa 48, na bunge lao lilikuwa limegawanyika nusu kwa nusu. Mbunge mdogo kuliko wote, Harry Burn, miaka 24, alikuwa amevaa ua jekundu la upande wa wanaopinga, lakini mfukoni alikuwa na barua ya mama yake inayomwambia apige kura ya ndiyo. Jina lake lilipoitwa akasema ndiyo, na mamilioni ya wanawake wakaingia kwenye katiba. Ya 24 mwaka 1964 yakaondoa kodi ya kura kwenye uchaguzi wa kitaifa. Ya 26 mwaka 1971 yakashusha umri kuwa 18, vijana walikuwa wanapelekwa kufa Vietnam na hawaruhusiwi kumchagua anayewapeleka, yakapita ndani ya siku 100.

Ya serikali ni mepesi. Ya 12 yanatenganisha kura ya rais na ya makamu, baada ya wagombea Jefferson na Burr kufungana 73 kwa 73. Ya 16 ndo kodi ya mapato unayokatwa kwenye mshahara. Ya 17 maseneta wakachaguliwa na wananchi, kabla walikuwa wanachaguliwa na mabunge ya majimbo. Ya 22 rais asichaguliwe zaidi ya mara mbili, baada ya rais Roosevelt kuchaguliwa mara nne. Ya 25 nani anashika akifa au akishindwa kazi. Na ya 27, kuhusu mishahara ya wabunge, yalipelekwa kwenye majimbo 1789 yakaridhiwa 1992, naona hilo peke yake linakuonyesha katiba hii haina haraka.

Mwisho suala la kujaza fomu au kusubiri. Mimi kwa uliyonieleza naegemea ujaze, na sababu kubwa ni huyo wa miaka 12. Yeye uraia wake hautoki kwenye Marekebisho ya 14, unatoka kwenye sheria ya Kongresi ya mwaka 2000: mtoto mwenye grinkadi, chini ya miaka 18, anayeishi hapa na mzazi mwenye malezi yake, anakuwa raia pale pale mzazi anapokula kiapo, bila mtihani wowote. Utabaki kumchukulia pasipoti ili awe na ushahidi. Lakini sheria ya kawaida Kongresi inaibadilisha kwa kura za kawaida na saini ya rais, haina ukuta wa majimbo 38, na mtoto naye anakua, akifika 18 kabla hujaapa ataomba mwenyewe kwa grinkadi yake. Kwa hiyo kusubiri nako kuna gharama.

Ila kabla hujatuma fomu ona wakili wa uhamiaji ana kwa ana kama lolote kati ya haya linakuhusu: umewahi kukamatwa hata kama kesi ilifutwa, umekaa nje ya nchi miezi sita au zaidi kwa safari moja, uliwahi kujiandikisha kura, una deni la kodi, au maelezo yako ya kambini hayafanani na ya sasa. Hili la mwisho linawapata wengi wa kambi za Nyarugusu na Kakuma. Tarehe ya kuzaliwa 1 Januari si tatizo, wameshaizoea, tatizo ni mtoto wa ndugu aliyeandikwa kama wako, ndoa ambayo haikutajwa, jina lililobadilika katikati. Ofisa atakuwa na faili lako lote tangu intavyuu ya kambini, na akikuta tofauti anaweza kusema ulidanganya. Mwambie wakili ukweli wote, yeye haruhusiwi kuutoa nje.

Mashirika yaliyowapokea wakimbizi mengi yana mawakili wa bei nafuu au wa bure, na yana wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria ambao si mawakili lakini wanaruhusiwa kukusaidia. Waombe wakuonyeshe kibali chao. Usimlipe mtu wa kujaza fomu dukani au kanisani anayekuahidi atakupatia uraia haraka. Nenda na grinkadi, pasipoti au hati ya safari, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wawili, karatasi za kodi za miaka 5, na orodha ya kila safari uliyotoka nje ya Marekani.